Unga wa Kome

Asubuhi ile zamu ya maji ilikuwa ya Mzee Yohana, lakini maji hayakufika kihambani, kwenye shamba lake la migomba. Mzee akachukua jembe, akaufuata mfongo kuelekea juu huku akinung'unika. Aliamini kuna jirani aliyeukinga ili anyweshe kahawa yake kwanza. Mfereji ule ulichimbwa na mababu, na ugomvi juu yake haukuwa mgeni pale Uru, mteremkoni mwa Kilimanjaro.

Aliyeukinga hakuwa jirani mwenye kahawa. Alikuwa mwanamume aliyelala kifudifudi ndani ya mfereji, koti lake limevimba mgongoni, maji ya mlimani yakimpanda na kumwagikia pembeni kwenye migomba.

Inspekta Hellen Urio wa idara ya upelelezi, Moshi, alifika na Koplo Martin baada ya gari lao kukwama mara mbili kwenye utelezi. Watu walikuwa wamekwisha kujaa.

"Shikamoo, meku," Hellen akamwamkia mzee.

"Marahaba, mwanangu."

"Ni wewe uliyemkuta? Ulimgusa?"

"Nilimgeuza uso. Nilitaka kujua ni wa nani."

"Ukamfahamu?"

"Ni Primus Kessy, yule bwana afya. Kwake ni pale juu, ukishapita kanisa."

Nyuma yao mtu mmoja akasema hiyo ni mbege tu, mtu akilewa hata maji ya kunawia yanamtosha kufa. Mzee Yohana akamgeukia.

"Primus hanywi. Tumbo lake lilikataa mbege tangu ujana. Hata kwenye misiba anakunywa chai."

Hellen aliingia mfongoni na buti zake. Maji hayakumfika magotini, na yalikuwa safi kiasi cha kuonyesha kila kokoto. Akatoka, akapanda hadi barabarani. Pikipiki ya marehemu ilikuwa imesimamishwa vizuri kando ya ua, ufunguo ukining'inia. Indiketa ya kushoto ilikuwa imevunjika. Akainama, akapekua nyasi zote za jirani. Hakuona hata chembe ya plastiki yake.

"Martin, mvua ilianza lini huku?"

"Jana jioni, afande. Ikapiga mpaka alfajiri. Imefuta alama zote za magari."

"Tazama buti zako."

Martin akatazama. Zilikuwa zimeota udongo mwekundu mpaka kwenye kamba.

"Sasa tazama matairi ya hiyo pikipiki."

Koplo akachuchumaa. Udongo mwekundu ulikuwa umeshika pale tu magurudumu yalipogusa chini. Ndani ya meno ya tairi kulikuwa na tope jingine, la kijivu kama majivu ya jikoni.

"Haikupanda huku kwa magurudumu yake," Martin akasema.

"Ililetwa," Hellen akasema. "Na mwenyewe pia."

*

Daktari Justina, aliyefanya uchunguzi wa maiti, hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Amekufa kwa kuzama. Lakini hakuzama Uru."

Akamsogezea Hellen kisahani. Ndani yake kulikuwa na tope zito la kijivu.

"Hili limetoka kwenye koo na mapafu. Limechanganyika na vigae vidogo vya gamba. Mfongo wenu hauna tope la namna hii."

"Na kichwani?"

"Jeraha moja kisogoni. Kitu butu, bapa. Chepe, kwa mfano. Halikumuua. Lilimlegeza tu. Alipoingia majini alikuwa anapumua."

"Angeweza kuokolewa?"

"Kama angekuwepo mtu wa kumgeuza."

Kisha daktari akaweka mezani kitu kidogo kilichodondoka kutoka ndani ya buti la marehemu. Kilikuwa gamba, jeusi kwa nje, kwa ndani linang'aa kama lulu. Hellen alizaliwa Machame. Magamba ya namna ile aliyaona mara moja tu maishani, ufukweni Tanga, kwenye safari ya shule. Mlimani watu huishi kwa ndizi, maziwa na nyama. Viumbe vya kwenye magamba havijawahi kuingia chunguni.

Alikwenda nalo msibani. Uani kwa Kessy wanawake walikuwa wanamenya ndizi, na Bernadetha, mjane, alikuwa ameketi ndani juu ya godoro lililotandikwa sakafuni. Hellen akaketi naye chini.

"Pole sana, dada yangu. Nisingekuja leo kama ningeweza kungoja."

"Uliza tu, mama."

Hellen akafungua kiganja. Bernadetha hakuhitaji kutazama mara mbili.

"Huyo ni kome. Wa Baba Gladness, kule chini Shirimatunda."

"Baba Gladness ni nani?"

"Godwin Minja. Ana bwawa. Anawakausha kome, anawasaga, wanauza unga wa kuchanganya kwenye uji wa watoto. Mtaa wa Pasua wanaununua, mtaa wa Soweto wanaununua. Wanasema unaongeza damu. Ingekuwa nyama yake tungeikimbia, lakini kitu kikishasagwa, nani anakiona?"

"Na nyinyi mliutumia?"

"Tuliutumia. Mwezi uliopita Primus akaumwaga chooni. Akasema nisinunue tena mpaka majibu yarudi."

"Majibu gani?"

Bernadetha akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Kuna watoto watatu kliniki walimnyima usingizi. Wamepauka, tumbo linawasokota, mmoja anapata degedege na hana homa. Akawauliza mama zao wanawalisha nini. Wote wakataja unga ule. Akapeleka sampuli maabara, Dar es Salaam."

"Yalirudi?"

"Walimpigia simu jana mchana. Sikusikia walichomwambia. Alikaa pale kwenye benchi mpaka chai ikapoa. Kisha akasema anashuka kwa Godwin, azungumze naye kwanza kabla hajasikia mabarabarani. Nikamwambia, nenda na mtu. Akasema hapana, yule tunasali naye, na mtoto wake tumemzika mwaka huu huu. Siwezi kumwendea kama naenda kukamata mwizi."

Nje mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa dini, wengine wakauchukua kwa sauti ya chini. Bernadetha akausikiliza kidogo.

"Alikuwa anamhurumia," akasema.

*

Kulipokucha, Hellen alimwachia Martin kazi ya kuitafuta ile maabara kwa simu, na wakiwa njiani bado alikuwa anaambiwa mhusika hajafika kazini. Wakaacha namba, wakaendelea hadi Shirimatunda.

Kule chini mvua haikuwa imedondosha hata tone. Godwin Minja walimkuta amevua shati, anatupa udongo ndani ya bwawa lake. Nusu lilikuwa limekwisha kufukiwa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Kirikuu yake, kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa imeegeshwa chini ya mparachichi, turubai limefunika bodi.

Mkewe ndiye aliyewapokea. Stella alikuwa mjamzito, tumbo limekwisha kutangulia, na uso wake ulikuwa na weupe usio wa afya. Aliwaletea benchi, akawakaribisha uji. Wakamshukuru, wakasema wametoka kunywa chai. Akarudi jikoni na kikombe chake.

"Bwawa limekuwaje?" Hellen akauliza.

"Kome wamekufa," Godwin akasema. "Ugonjwa."

"Tangu lini?"

"Wiki hii."

"Primus Kessy ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jumapili, kanisani."

"Juzi hakufika hapa?"

"Sijui. Mchana kutwa nilikuwa Pasua."

Sauti ya Stella ikatoka jikoni, bila ubaya wowote, kama mke anayemkumbusha mumewe jambo dogo. "Pasua nilikwenda mimi, Baba Gladness. Wewe ulibaki hapa."

 Godwin akachomeka chepe lake udongoni.

Hellen akatembea kando ya bwawa. Tope lililobaki lilikuwa la kijivu. Pale Godwin alipokuwa anachimba udongo wa kufukia, vilikuwa vimefumuka vipande vya plastiki nyeusi na mabamba ya chuma laini yaliyooza.

"Haya ni nini?"

"Betri za magari. Za zamani. Mzee wangu alikuwa anazipasua, anayeyusha risasi yake, anawauzia mafundi. Hapa ndipo palikuwa na shimo lake."

"Ukafugia kome humo humo."

"Shimo lilikuwepo tayari," Godwin akasema. "Sikujua."

"Hukujua nini?"

Akalichomoa chepe, akatupa udongo mwingine bwawani.

"Afande," Martin akaita kutoka kwenye kirikuu. Alikuwa amelikunja turubai, na ubao wa bodi ulikuwa na mchubuko mpya. Katikati ya mbao mbili alikuwa amechomoa kipande cha plastiki ya rangi ya machungwa. Hellen akatoa kwenye mfuko wa vielelezo ile indiketa iliyovunjika. Akaviweka pamoja. Viliingiana kama jino na pengo lake.

Godwin alitoa mikono mwenyewe. Stella alisimama mlangoni mwa jiko, kikombe mkononi, akiuliza kuna nini.

*

Walikuwa hawajafika mbali simu ikalia. Alikuwa mtaalamu wa maabara. Hellen akashuka garini ili mtuhumiwa asisikie, akaiweka simu sauti ya nje. Martin akafunga milango, akamfuata.

"Ule unga una risasi," mtaalamu akasema. "Nyingi mno. Nilimweleza marehemu asizembee hata siku moja."

"Risasi?" Martin akanong'ona. "Mbona maiti haina tundu?"

"Si ya bunduki. Ni madini yale ya kwenye betri," Hellen akamwambia. Kisha akairudia simu. "Imeingiaje ndani ya kome?"

"Kome anavuta maji kutwa kucha na kuyatema. Maji yanatoka, risasi inabaki mwilini mwake. Sasa mchukue, mkaushe, msage. Kila kijiko kimebeba sumu ya kome wengi."

"Kwa mtoto inafanya nini?"

"Inamla damu. Inamharibu ubongo. Ikizidi, degedege, kisha kifo."

"Na mama mjamzito?"

"Inapita kwake, inamfikia aliye tumboni."

Hellen hakuaga. Alimwagiza Martin ampeleke Godwin kituoni, awapigie watu wa afya unga ule uokotwe nyumba kwa nyumba na kliniki zote zitangaziwe, naye akasimamisha bajaji ya kwanza iliyopita, akarudi alikotoka.

Stella alikuwa bado jikoni. Hakuwa amelia. Alikuwa anakoroga uji wa kikombe cha pili, kama mtu ambaye mikono yake imeamua kufanya kazi peke yake.

"Mama Gladness, weka chini hicho kikombe."

"Kwa nini?"

"Weka chini kwanza. Unga wake uko wapi?"

Stella akamwonyesha kopo lililokuwa nyuma ya kuni. "Baba Gladness alisema umekwisha, gunia lote ametupa. Mimi nilikuwa nimejiwekea hili kidogo, la mimba. Usimwambie."

Hellen akalichukua kopo. Akamwambia wanakwenda hospitali kupima damu, mengine watayazungumza huko huko.

*

Katika chumba cha mahojiano Godwin alikaa wima, viganja juu ya meza.

"Unatuhumiwa kumuua Primus Kessy," Hellen akasema. "Hulazimiki kusema neno. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kuwa ushahidi mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unataka wakili? Ndugu yako?"

"Sitaki mtu."

"Kipande cha indiketa yake kimefikaje kwenye gari lako?"

"Vipande vinaokotwa kila mahali."

"Amekutwa na tope la bwawa lako mapafuni."

"Tope ni tope."

"Tope lenye vigae vya kome?"

 Mahojiano yakaenda hivyo kwa muda mrefu, swali likigonga ukuta na kurudi. Martin akaanza kuchoka, akabadilisha mguu. Hellen akaiweka kalamu chini.

"Mkeo yuko hospitali."

Kwa mara ya kwanza Godwin akamtazama usoni. "Ana nini?"

"Anatolewa damu. Nilimkuta anakunywa uji."

"Uji gani?"

"Wa unga wa kome."

"Haiwezekani. Niliutupa wote."

"Alijifichia kopo. La mimba, ndivyo alivyoniambia."

Godwin akainuka nusu, Martin akamshika bega.  

"Leo amekunywa? Leo?"

"Leo, na jana, na siku zote ulizonyamaza. Ungemwambia neno moja tu asingekunywa. Kwa nini hukumwambia, Godwin?"

Akarudi kitini. Machozi yakamshuka, hakuyafuta.

"Ningemwambia nini? Angeuliza sababu."

"Gladness alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Degedege. Alikuwa na miaka miwili. Tulisema ni malaria imempanda kichwani. Watu wote walisema hivyo. Stella aliishika ile maiti mpaka jua likazama, hakutaka kuitoa mikononi. Alikuwa anauliza, nimekosea wapi? Nikamwambia, hukukosea. Mpaka leo huwa anaamka ananiuliza, nami namwambia, mke wangu, hukukosea popote."

"Primus akaja."

"Akaja alasiri. Akaniambia habari za risasi. Sikubishana naye, afande. Nilimwambia bwawa nitalifukia hata leo, biashara nafunga, unga nitauokota mfuko kwa mfuko. Biashara si kitu. Akasema ni vyema, lakini haitoshi. Lazima itangazwe, watoto wapimwe. Nikasema, tangaza. Halafu akaniuliza, Gladness alikuwa anakunywa uji huu? Nikasema ndiyo. Tena wa kwake Stella alikuwa anauzidisha, akitaka anenepe. Akanyamaza. Alivyonyamaza ndipo nikajua."

Martin alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama kidogo, ikaendelea.

"Nikamwomba," Godwin akasema. "Nilipiga magoti. Nikamwambia, watangazie watu wote, lakini Stella mwache. Akasema haiwezekani, mkeo ana mimba, lazima aambiwe, na kama mimi siwezi basi atamngoja pale pale arudi kutoka Pasua, amwambie yeye. Akanigeuzia mgongo, akawa anatazama maji. Chepe lilikuwa mkononi."

"Ukampiga."

"Mara moja. Akaanguka kifudifudi. Mapovu yakawa yanatoka."

"Ungeweza kumtoa."

"Ningeweza."

"Ulifanya nini?"

"Nilisimama mpaka yakaisha."

Alisimulia yaliyobaki bila kuulizwa. Aliifunika maiti kwa turubai, na pikipiki ilipomwangukia matopeni wakati wa kuipakia, aliinyanyua tu. Stella aliporudi amechoka na kwenda kulala mapema, alipanda Uru kwa mvua, akamlaza Primus mfongoni karibu na kwake, ili ionekane aliteleza akirudi nyumbani.

"Ulimuua mtu ili mkeo asijue," Hellen akasema.

"Ndiyo."

"Na watoto wa Pasua? Wa Soweto? Mama zao walikuwa wanaendelea kuwakorogea."

Godwin akavitazama viganja vyake. "Sikuwafikiria," akasema mwishowe. Kisha akaegemea mbele. "Afande, naomba kitu kimoja. Nifungeni, ninyongeni, sitabisha. Lakini Stella mwambieni ulikuwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Nitasaini hivyo."

"Marehemu alipigiwa magoti kwa jambo hilo hilo akakataa," Hellen akasema. "Aliye tumboni atatibiwaje bila mama yake kujua?"

*

Alimkuta Stella kwenye benchi la nje ya wodi, pamba imebandikwa mkononi. Upande wa pili wa ukumbi akina mama watatu walikuwa wamekwisha kufika na watoto wao kutoka Pasua. Mtoto mmoja alikuwa analia kilio chembamba kisicho na nguvu.

Hellen aliketi. Katika kazi yake alikuwa amepeleka habari za vifo kwenye nyumba nyingi, na alijifunza kwamba habari mbaya haina upande wa kuishikia. Akamweleza moja kwa moja. Akaanza na shimo la betri, akaenda kwa kome, akafika kwenye unga. Akamwambia kuhusu Primus na chepe, na kwa nini. Akamwambia pia kwamba madaktari wanayo dawa ya kuitoa risasi mwilini, kwamba mtoto aliye tumboni anacheza vizuri, na kwamba watawapigania wote wawili.

Stella hakupiga kelele. Alisikiliza kama anayeelekezwa njia ya kwenda mahali pa mbali. 

"Alikuwa anaukataa," Stella akasema.

"Nani?"

"Gladness. Ule uji alikuwa hautaki. Akiona kikombe tu, anageuza uso, anafumba mdomo." Akainua mkono wake wenye pamba, akautazama, vidole viwili vikikaribiana polepole. "Nilikuwa nambana pua, ili ameze."